Nani Anamlisha Bibi? Somo la Uzee na Umaskini kutoka Mkotokuyana

Kwenye mitihani yetu ya maendeleo ya jamii, swali la hifadhi ya wazee huwa lina jibu la mkato: "Ulaya wazee wanatunzwa na serikali, Afrika wazee wanatunzwa na familia." Ukiandika hivyo unapata maksi zako, unageuza ukurasa. Tatizo ni kwamba sentensi hiyo haijamlisha mtu. Ukiuliza familia ipi, kwa hela gani na mwezi gani, jibu linaanza kuyumba.

Makala hii inachukua swali hilo na kulipeleka kijijini, kwenye kata ya Mkotokuyana, upande wa Nachingwea na Ruangwa mkoani Lindi. Sehemu kama hii haina kiwanda wala ofisi kubwa, watu wake wanaishi kwa korosho, ufuta na mihogo. Kama maelezo ya vitabuni kuhusu wazee ni ya kweli, yanapaswa kuwa ya kweli hapa. Tuyapime.

Mkulima hastaafu

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Umri huohuo ndio wa kustaafu kwa lazima serikalini. Hapo ndipo njia zinapoachana. Mwalimu akifika 60 anaagwa, anakabidhiwa zawadi, anaanza kufuatilia mafao yake PSSSF, mfuko ulioanza mwaka 2018 baada ya mifuko ya watumishi wa umma kuunganishwa. Aliyeajiriwa kampuni binafsi anakwenda NSSF. Mkulima wa Mkotokuyana akifika 60 anaamka asubuhi, anachukua jembe, anakwenda shamba. Akifika 70 anafanya vilevile. Mkulima hastaafu, anaishiwa nguvu tu.

Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wazee takribani milioni 2.5 nchini, yaani zaidi kidogo ya watu 5 katika kila 100. Wengi wao wako vijijini, na wengi hawajawahi kukatwa hata shilingi moja ya mchango wa pensheni, kwa sababu hakukuwa na mshahara wa kukatwa. Kwa hiyo tunaposema "mifuko ya hifadhi ya jamii", tukumbuke kwamba jamii yenyewe, kwa sehemu kubwa, iko nje ya mifuko hiyo.

Je, sheria inasemaje? Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 11, inaitaka Mamlaka ya Nchi iweke utaratibu wa kufanikisha haki ya mtu kupata msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ni maneno mazuri. Lakini wanafunzi wa sheria watakukumbusha ibara ya 7(2): masharti ya sehemu hiyo ya Katiba hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Kwa lugha ya mtaani, bibi ana haki, ila hana pa kwenda kuidai.

Mkorosho ndio ulikuwa pensheni

Mtu anaweza kuuliza: wazee hawa walikuwa wapi ujanani? Mbona hawakuweka akiba? Ukweli ni kwamba waliweka, na akiba yao ilikuwa mikorosho.

Mkorosho ni mti unaoishi miaka mingi. Kijana aliyepanda shamba lake alijua kwamba hata akizeeka, kila msimu kutakuwa na kitu cha kuokota chini ya mti. Mpango huo ulikuwa wa busara. Kilichouvunja hakikuwa uvivu. Katika miaka ya 1970, operesheni ya kuwahamishia watu kwenye vijiji iliwatoa wakulima wengi wa Kusini karibu na mashamba yao. Nyumba ikawa huku, mikorosho ikabaki kule. Shamba lisilopaliliwa linageuka pori, moto ukipita linaungua. Ukiongeza bei ndogo aliyolipwa mkulima na ugonjwa wa ubwiriunga, matokeo yake ni haya: msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takribani tani 145,000 za korosho, na kufikia msimu wa 1986/87 zilikuwa zimeshuka chini ya tani 20,000.

Tusome takwimu hizo kwa jicho la uzee. Aliyekuwa na miaka 25 mwaka 1974 alizaliwa 1949. Leo amepita 70. Huyo ndiye bibi au babu tunayemzungumzia. Akiba yake ya ujanani iliharibika akiwa na nguvu, akaanza upya akiwa mtu mzima, na sasa nguvu zimekwisha.

Zao lilikuja kufufuka baadaye, ni kweli. Wilaya za Ruangwa, Nachingwea na Liwale zina chama kikuu chao cha ushirika, RUNALI, na korosho inauzwa kwa stakabadhi ghalani na minada. Lakini mkorosho wa leo unataka gharama: palizi, salfa ya kupulizia, mashine ya kukodi, kijana wa kuibeba hiyo mashine. Mzee mwenye mikorosho mingi na mikono isiyo na nguvu ana mali kwenye makaratasi tu. Tena hela ya korosho inakuja kwa msimu, kuanzia mwezi wa kumi hivi. Njaa haifuati kalenda ya mnada. Mwezi wa pili na wa tatu chakula cha mwaka jana kimekwisha na cha mwaka huu bado kiko shambani. Wenye nguvu wanaweza kuingia porini kuchimba ming'oko. Mzee anayetembea na fimbo hachimbi ming'oko.

Hapo ndipo anapotokea mtu wa kangomba. Anapita nyumba kwa nyumba kabla ya minada kufunguliwa, ana hela mkononi, ananunua korosho ambayo bado iko mtini. Tufanye hesabu ya mfano. Bibi anahitaji hela ya unga na dawa, anauza kilo 20 kwa sh 1,000 kila kilo. Mnadani kilo hiyo ingekwenda sh 2,500. Amepoteza sh 30,000. Serikali imekuwa ikipiga vita kangomba kwa miaka mingi, na inafanya vizuri. Ila tukiwa wakweli, anayeuza kwa kangomba mara nyingi hajadanganywa, anajua kabisa kwamba anapunjwa. Anauza kwa sababu leo ni leo. Mtu mwenye kipato kidogo cha uhakika kila mwezi ana uwezo wa kusubiri mnada, na asiye nacho hana namna.

Familia ipi?

Turudi kwenye lile jibu la mtihani: familia inatunza wazee. Wamwera, Wamakua, Wayao na Wamakonde, ambao ndio wengi katika ukanda huu, kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama. Mjomba ana wapwa zake, na kwa desturi ya zamani mwanamume akioa anaweza kuhamia kwao na mke. Sasa fikiria mwanamume aliyeishi miaka 40 ukweni, akalima ardhi ya ukoo wa mkewe, kisha mke akafariki. Watoto aliowazaa ni wa ukoo wa mama yao. Wapwa zake, ambao kimila ndio "wa kwake", wako kijiji kingine au wako Dar. Mzee huyo ana familia mbili kwa kuhesabu, na anaweza kulala na njaa kati ya hizo mbili.

Desturi inabadilika, na watoto wengi leo wanawatunza baba zao bila kuuliza ukoo. Lakini somo ni hili: "familia" si kitu kimoja kilichosimama mahali pamoja. Ina kanuni zake, na kanuni hizo zilitungwa wakati vijana walikuwa wanabaki kijijini. Leo vijana wako Mtwara, Lindi mjini, Dar es Salaam. Wengine ni sisi tuliopo hapa chuoni.

Isitoshe, mara nyingi mtiririko wa matunzo unakwenda kinyume na tunavyofikiri. Binti anajifungua mjini, maisha yanakuwa magumu, mtoto anapelekwa kwa bibi "kwa muda". Muda huo unakuwa miaka saba. Bibi anayedhaniwa kutunzwa ndiye anayelea, ndiye anayetafuta daftari na sare.

Na majirani je? Wapo, na wanasaidia. Kuna sadaka ya Ijumaa, kuna zaka, kuna jumuiya za makanisa, kuna mtu anayeleta bakuli la mboga bila kuombwa. Ila angalia vikundi vyetu vilivyopangika vizuri zaidi. VICOBA vinataka hisa kila wiki, kwa hiyo mzee asiye na kipato hawezi kuingia. Vikundi vya kuzikana vinafanya kazi kwa haraka ya ajabu: mtu akifariki, sanda, chakula na usafiri vinapatikana siku hiyohiyo. Tunawazika wazee wetu vizuri kuliko tunavyowalisha. Neno hilo ni zito, lakini lina faida moja: linaonyesha kwamba uwezo wa kuchangishana tunao. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuchangia maisha kama tunavyochangia msiba.

TASAF: msaada na mipaka yake

Chombo kikubwa cha serikali kinachomfikia mzee maskini wa Tanzania Bara ni TASAF, kupitia Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ulioanza mwaka 2012. Walengwa wanatajwa kwanza na wanajamii wenyewe, halafu taarifa za kaya zinapitishwa kwenye dodoso. Malipo yanatolewa kila baada ya miezi miwili. Katika awamu ya kwanza ya mpango, ruzuku ya msingi ilikuwa sh 10,000 kwa kaya kwa mwezi, na nyongeza kwa kaya zenye watoto wanaohudhuria kliniki na shule. Kaya zaidi ya milioni moja ziliingizwa.

Hapa sisi wanafunzi tuna kipimo chetu. Hela ya chakula na malazi kwenye boom ilipandishwa mwaka wa masomo 2022/23 kufikia sh 10,000 kwa siku, na bado tunalalamika kwamba haitoshi, na kweli haitoshi. Thamani ya shilingi imebadilika katikati hapo, lakini bado: kilichokuwa ruzuku ya msingi ya kaya nzima kwa mwezi ni kiasi kinachohesabiwa kwa mwanafunzi mmoja kwa siku moja.

Pamoja na udogo wake, hela hiyo si ya kudharauliwa. Inanunua chumvi, sabuni, mafuta ya taa, kilo kadhaa za unga. Tatizo kubwa liko kwenye muundo. Kwanza, mpango unalenga kaya, haumlengi mzee. Nyongeza zinafuata watoto, kwa hiyo kaya ya wazee wawili peke yao inabaki na kile cha msingi. Pili, kazi za ajira za muda, kama kuchimba mabwawa na kutengeneza barabara, ni za wenye nguvu. Tatu, kuna tatizo ambalo tuliite "bati la mtoto". Kijana wa Dar anapata hela kidogo, anamwezekea mama yake bati. Jambo jema kabisa. Lakini dodoso linapouliza hali ya nyumba, bati linahesabika kama dalili ya kujiweza. Bati haliliwi. Mama anakaa chini ya paa zuri akiwa hana unga.

Nne, kuna vikwazo vya karatasi na mashine. Wazee wengi hawana cheti cha kuzaliwa, umri wao unajulikana kwa matukio tu, "nilizaliwa Wazungu wakilima karanga", yaani wakati ule wa mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947 na kuifanya Nachingwea ijulikane. Alama za vidole nazo zimesuguliwa na jembe, mashine inazikataa. Malipo yakija kwa simu, mzee anamkabidhi mjukuu laini na namba ya siri, halafu anabaki kuomba Mungu mjukuu awe mwaminifu.

Kwenye afya hali inafanana. Sera inasema wazee wa miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo watibiwe bure, na hospitali nyingi zina dirisha la wazee. Lakini matibabu yakiwa bure, nauli ya bodaboda si bure, na dawa ikikosekana zahanati utaambiwa ukanunue duka la dawa. Mtoto wa jicho unatibika kwa upasuaji mfupi. Mzee anapofuka nao kwa sababu ya nauli, hicho ni kipofu cha umaskini.

Wenzetu wamefanyaje

Kuna njia nyingine: badala ya kutafuta nani ni maskini zaidi, unampa kila aliyefika umri fulani. Hii ndiyo pensheni jamii.

Hatuhitaji kwenda mbali. Zanzibar ilianza mwezi Aprili 2016. Kila mkazi aliyefika miaka 70 akaanza kulipwa sh 20,000 kwa mwezi kutoka bajeti ya serikali, awe aliwahi kuajiriwa au la, na baadaye kiwango kikapandishwa hadi sh 50,000. Kenya, kupitia Inua Jamii, mwaka 2018 ilifungua mlango kwa wote wenye miaka 70, sh 2,000 za Kenya kwa mwezi. Uganda ilianza na wilaya za majaribio mwaka 2010, baadaye ikasambaza nchi nzima kwa wenye miaka 80 na zaidi, sh 25,000 za Uganda. Lesotho, nchi ndogo ya milimani, ilianza mwaka 2004. Malipo huko nako yamewahi kuchelewa, na miaka 80 ni umri ambao wengi hawaufikii. Lakini kanuni yake ni rahisi kiasi kwamba bibi mwenyewe anaielewa: umefika umri, unalipwa.

Tanzania Bara pia ina mfano wake mdogo. Huko Muleba, Kagera, ambako UKIMWI uliwaacha bibi na wajukuu bila kizazi cha katikati, shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 kuwapa wazee pensheni ndogo kila mwezi. Ripoti ya utafiti kuhusu mradi huo, iliyotoka mwaka 2008, ilipewa jina linalomaanisha "Chumvi, sabuni na viatu vya shule". Jina hilo linajitosheleza: hela ya bibi ilikwenda mpaka miguuni kwa mjukuu.

Hoja mbili za kupinga

Hoja ya kwanza: nchi maskini haiwezi. Tupige hesabu. Wazee milioni moja wakipewa sh 20,000 kwa mwezi ni sh bilioni 240 kwa mwaka. Wakiwa milioni mbili, ni bilioni 480. Bajeti ya taifa ya mwaka 2023/24 ilikuwa takribani sh trilioni 44.4. Kwa hiyo tunazungumzia kati ya nusu asilimia na asilimia moja na kidogo. Hela hiyo si ndogo, na lazima itoke mahali. Lakini ni suala la kuchagua, wala si muujiza. Uingereza ilipopitisha sheria ya pensheni ya wazee mwaka 1908 ilianza na wenye miaka 70 na kiasi kidogo cha shilingi 5 kwa wiki. Nayo ilianza pembeni, ikapanua taratibu.

Hoja ya pili ni nzito zaidi: serikali ikilipa, vijana watatelekeza wazazi. Wasiwasi huu ni wa heshima, kwa sababu unatoka kwa watu wanaojali utu wetu. Lakini wahenga walishasema, mkono mtupu haulambwi. Mzee asiye na kitu anageuka mzigo hata kwa mtoto anayempenda, maana mtoto mwenyewe hana. Mzee mwenye elfu ishirini yake anaweza kumnunulia mjukuu daftari, anaweza kuchangia msiba, anaweza kumpa chai mgeni. Anarudi kuwa mzee mwenye nyumba yake. Pensheni haichukui nafasi ya familia, inaipa familia pumzi.

Kazi yetu sisi

Ndugu msomaji, wengi wetu tayari ni mifuko ya pensheni bila kusajiliwa. Boom likiingia, kuna anayetuma kidogo nyumbani kabla hajanunua chochote. Ni jambo la kujivunia. Lakini tusiache liwe jibu la nchi nzima, kwa sababu bibi aliyesomesha mjukuu chuo kikuu ana bahati, na mwenye mjukuu asiye na kazi ana njaa ileile.

Tunaweza kuanza na tulichonacho. Wa takwimu na sosholojia, chagueni mada za utafiti wa mwaka wa tatu kuhusu wazee wa vijiji vyenu, maana huko kuna maswali ambayo hayajaulizwa. Wa sheria, ibara za 7 na 11 zinawasubiri. Wa tiba, mkienda mafunzo ya vitendo, hesabuni wazee wanaotibiwa bure na ulizeni walifikaje. Na sote tukirudi likizo, tumfuate mzee mmoja jirani, tumsaidie kupata namba ya NIDA, tusome naye ujumbe wa malipo bila kushika namba yake ya siri.

Maswali ya kujadili vyumbani: Je, msaada umfuate maskini au umfuate mzee? Umri wa kuanzia uwe 60, 70 au 80, na nani anaachwa nje kila ukipandisha? Katika ukoo wenu, mzee akiishiwa nguvu, kimila ni nani anawajibika, na leo yuko wapi? Na mwisho: mwezi uliopita, yule bibi unayemfahamu alikula kwa hela ya nani?